Lenzi Tatu na Mkono Mmoja

Mpendwa Mama Mshauri,

Shikamoo. Naomba msaada wako, na nakusihi usiitupe barua hii ukadhani nimekosea ukurasa, maana najua wenzangu wanakuletea mambo ya ndoa na mawifi na mimi nakuletea jambo la lenzi, lakini nimeshauliza kila mahali pengine, wapiga video wenzangu kila mmoja anasifia aliyonayo, wauza vifaa wanasifia ile isiyouzika, na kwenye simu nimeangalia majaribio ya lenzi mpaka fundi viatu wa hapo barazani ananiuliza kama nimepata mchumba wa mtandaoni, na miezi mitano imekwisha sijanunua hata kifuniko.

Mimi ni mpiga video. Harusi, mahafali, ufunguzi wa maduka, na mara mojamoja filamu fupi za watu wenye ndoto kubwa kuliko mfuko, na kumbi tunazofanyia kazi nyingi ni za giza, taa mbili zinaugua na ya tatu imekufa, tena zinajaa kiasi kwamba kila mara mgongo wangu uko ukutani na bado watu wa meza kuu hawaingii wote kwenye picha, kwa hiyo kinachotakiwa ni lenzi ya kasi, na kasi hapa si ya kukimbia, Mama, ni lenzi yenye mdomo mpana inayomeza mwanga mwingi, ukipiga nayo gizani uso wa mtu unatoka kama ulivyo na vitu vya nyuma yake vinalainika vinakaa kando. Zipo za picha na zipo za sinema. Za sinema hazijifokasi zenyewe, zina pete nene yenye meno ambayo mtu anaizungusha kwa mkono ili anayepigwa abaki anaonekana vizuri hata akitembea, na kwa kawaida kazi hiyo inataka watu wawili, mmoja anashika kamera na kuangalia picha, mwingine anashika pete. Hapo ndipo inanibidi nimtaje mke wangu, ingawa barua hii si ya mke wangu.

Mshika pete alikuwa yeye, miaka sita. Watu wa kazi yetu wanamwita Mama Utepe kwa sababu anavaa roli la utepe mweupe mkononi kama bangili, tukifika ukumbini kabla ya wageni anapima kwa futi kutoka kwenye kamera hadi mlangoni, hadi kwenye keki, hadi kwenye kiti cha mama wa bibi harusi, kisha anabandika utepe kwenye pete ya lenzi na kuandika kwa penseli, mlango, keki, mama, herufi ndogondogo kama za mtu anayeficha siri. Wageni wakiingia anasimama kushoto kwangu, haangalii skrini hata kidogo, anaangalia miguu ya watu, anasema uso unaweza kukudanganya lakini miguu ndiyo inayoamua umbali, na mkono wake unakwenda nayo. Kazi ikiendelea hatukuwa tunasemezana. Mwaka wa tatu ndipo nilipomuuliza anajuaje kwamba nataka kuhama kutoka mtu huyu kwenda yule, akasema, "Unavuta pumzi kwanza. Hujijui?" Sikuwa najijua, Mama, na tangu siku ile nikivuta pumzi hata nyumbani, hata ya kutaka kupiga chafya, anageuka kuniangalia.

Lenzi yenyewe ilikuwa moja tu, milimita hamsini, mkono wa pili, tuliyonunua kwa mzee aliyekuwa anafunga studio yake, nayo sasa imeota ukungu ndani ya kioo, kila taa inatoka na ndevu.

Sasa nikueleze kosa, ingawa wakati nalifanya niliona ni hisani. Alianza kulalamika kifundo cha mkono wa kulia. Tukiwa tunahariri alikuwa anakikanda kwa kitambaa cha maji ya moto, anakikunja, anakikunjua, anakunja na uso, na mimi roho ikawa inaniuma, basi bila kumwambia nikauza kamera yetu ya akiba nikanunua lenzi ya picha inayojifokasi yenyewe, ya kasi, nikaificha chini ya nguo wiki nzima kama mtu mwenye zawadi, na siku ya kazi, mchana, ukumbi umeshajaa, wenye harusi wanatuangalia, nikaifunga kwenye kamera nikamwambia kwa mbwembwe, "Mama Utepe, leo wewe mgeni, kaa ule keki, hii inajiona yenyewe." Fundi sauti wetu, ambaye mdomo wake hauna breki, akadakia, "Dada, ndiyo umestaafishwa hivyo!" Watu wakacheka. Na yeye akacheka, kidogo. Akavua roli la utepe mkononi, akalitundika kwenye mpini wa stendi ya kamera, akaenda kukaa kwenye kiti cha plastiki mstari wa tatu.

Baba wa bibi harusi aliposimama kusema neno, mzee ambaye tangu asubuhi alikuwa anajikaza kisabuni, ile lenzi ikamwacha ikalifuata puto lililokuwa nyuma yake, ikarudi, ikafuata miwani ya mhudumu aliyepita na trei, ikarudi, ikaenda tena kwenye puto, na mzee akalia wakati mimi ninachokiona kwenye skrini ni doa lenye tai. Nikageuka kumtafuta mke wangu aniokoe. Alikuwa amekaa wima, macho yako kwenye miguu ya yule mzee, na mkono wake wa kulia uko juu ya goti unazunguka polepole, unazungusha pete ambayo haipo. Nilimwona, Mama. Ningeweza kumwita, lenzi ya zamani ilikuwa begini karibu na mguu wangu, kuifunga ni sekunde chache. Sikumwita. Niliona aibu kuyameza maneno niliyoyasema muda si mrefu mbele ya watu.

Nyumbani hakugomba. Aliniambia, "Nilikwambia mkono unauma. Sikukwambia nimechoka." Nikamjibu nilitaka kumpunguzia kazi, akasema, "Uliniuliza?" Siku ya tatu akafunga mizigo kwenda kwa dada yake, mji mwingine, saa nne kwa basi, akasema anakwenda kupumzisha mkono, na mkono unapumzika mpaka leo. Shemeji ameniambia kwamba amepata kazi kwenye duka la picha za pasipoti na kwamba kiti cha wateja pale kimepigiliwa misumari sakafuni, umbali haubadiliki asubuhi mpaka jioni, na katika yote niliyoambiwa hakuna lililoniumiza kama hiyo misumari.

Lakini nilikuwa kwenye lenzi. Ile inayojifokasi nimeiuza, hela ninayo, nimeiweka pembeni. Kazini natumia lenzi za kuazima na kuzungusha mwenyewe, jicho moja kwenye picha, mkono mmoja kwenye pete, na bado nasimama kama zamani, nimeacha nafasi kushoto kwangu, wageni wakijisogeza hapo nawaambia samahani, hapo pana mtu. Wanaangalia, hawaoni mtu, wanaondoka. Nyumbani navuta pumzi na hakuna anayegeuka. Nimejikuta navuta nyingine, kwa makusudi, nikiwa nimesimama jikoni na sufuria mkononi kama mwendawazimu.

Usidhani sijawasiliana naye. Nawasiliana naye. Kila lenzi ninayoiona nzuri namtumia video ya majaribio yake, mpaka sasa saba, na kila mara anajibu neno moja, "Nzuri." Ya sita tu ndiyo aliyojibu zaidi, aliandika, "Pete yake inaonekana ngumu," nikaifuta lenzi hiyo kwenye orodha palepale nikaanza kutafuta nyingine.

Zilizobaki ni tatu, na hapa ndipo nataka unisaidie. Ya kwanza ni seti ya sinema, lenzi ndogo tatu, milimita thelathini na tano, hamsini na themanini na tano, zote T mbili, na hiyo T ni namba ya mwanga unaopita, ikiwa ndogo mwanga ni mwingi, na hizi ni za kiwanda kisicho na jina kubwa lakini bei yake haitishi. Ya pili ni moja peke yake, hamsini, T moja nukta sifuri tano, inaona gizani kama paka, ila wanasema ukiifungua mdomo wote picha inalegea. Ya tatu ni ya kujifokasi tena, toleo jipya, muuzaji ameniapia kwamba siku hizi hazifuati maputo, na nikiinunua hii nitaweza kufanya kazi peke yangu mpaka nizeeke. Kila asubuhi nakata shauri la seti, mchana nakata la paka, jioni nasema nichukue ya tatu yaishe, na mkono haubonyezi kitufe cha kununua. Nikinunua ya kujifokasi naona kama namfungia mlango. Nikinunua za pete naona kama nanunua viatu vya mtu asiyekuwepo.

Halafu wiki iliyopita fundi mmoja alitaka ile lenzi ya zamani kwa ajili ya vipuri, nikaanza kuibandua tepe zake nimpe ikiwa safi, zilikuwa zimepandana moja juu ya nyingine, harusi juu ya harusi, na chini kabisa nikakuta kipande kimoja cha zamani kimegeuka manjano kina neno moja tu, wewe. Nilikaa chini. Nikakumbuka siku tulipoileta nyumbani, alinikalisha kwenye kigoda karibu na kabati, akaniambia nishike ncha ya futi kwenye nyusi na nisicheke, akapima, akaandika, hakunionyesha alichoandika. Nimeupima tena umbali ule, kutoka kamera hadi kigoda, kwa futi yake ileile. Ni hatua mbili. Sikuiuza.

Kwa hiyo swali langu, Mama, na narudia kwamba barua hii si ya mke wangu, ni hili: nataka lenzi ya bei nafuu, yenye kasi, itakayodumu, na ambayo pete yake mtu mwenye kifundo kinachouma anaweza kuizungusha bila kuumia. Ninunue ipi?

Ni mimi,
Mpiga Video wa Ukutani

*

Mpiga Video wa Ukutani,

Marahaba, mwanangu. Umeniapia kwamba barua hii si ya mke wako, nami nimeisoma mara mbili nikamkuta yeye kila ukurasa, lenzi zimejibanza pembeni. Lakini umeuliza lenzi, na nitakujibu lenzi, watu wasije wakasema Mama Mshauri anajua ya chumbani tu. Nimeshuka ghorofa ya chini ya jengo letu, kwenye duka la kukodisha vifaa vya filamu, kwa dada mmoja ambaye wenzake wanamwita Daktari kwa vile anamulika lenzi kwa tochi kama anatazama koo la mtoto. Nilimsomea barua yako yote. Alisikiliza, akafuta macho, akasema ni vumbi. Duka lile halina vumbi, hata viatu tunavua mlangoni.

Daktari anasema hivi. Usinunue tatu. Nunua moja, na iwe thelathini na tano, kwa sababu namba ikiwa ndogo lenzi inaona upana zaidi, na wewe mwenyewe umesema mgongo wako uko ukutani na meza kuu haiingii yote. Ukiongeza hamsini nyingine utabomoa ukuta wa watu. Seti ile wanauza hata mojamoja, umeuliza? Hukuuliza, ulikuwa unaangalia video. T mbili inakutosha kwa kamera za sasa, na hela itakayobaki nunua taa ndogo ya kutundika, kuliko kununua lenzi ya kupigana na giza ambalo taa ingelimaliza. Huyo paka wako mwache. Ukimfungua mdomo wote, kinachoonekana vizuri ni chembamba kama kidole: jicho lipo, sikio limekwenda, na bwana harusi akipiga hatua moja umempoteza. Hiyo ni ya kupiga mtu aliyekaa kimya, si watu wanaocheza.

Kabla ya kulipa, ikodi siku moja. Izungushe pete kutoka mwanzo hadi mwisho kwa kidole kimoja, uzito uwe uleule njia nzima, isikwame, isilegee. Imulike kwa tochi kutoka nyuma uone kama kuna ukungu. Piga picha ya ukuta wenye maandishi, mdomo wote ukiwa wazi, uangalie kama pembeni yanasomeka. Na uzungushe pete huku unaangalia picha kama inavimba na kunywea, maana za bei nafuu nyingine zina ugonjwa huo.

Na kifundo. Mwanangu, hapa Daktari alipandisha sauti mpaka wateja wakageuka. Lipo gurudumu dogo linalofungwa ubavuni mwa kamera, lina meno yanayoshikana na meno ya pete, mtu analizungusha kwa mkono wote bila kukunja kifundo, tena anaweza kukaa kitako. Lipo miaka yote. Linauzwa bei ya chini kuliko lenzi yoyote uliyonitajia. Mke wako aliumwa mkono, dawa yake ilikuwa gurudumu na kumpeleka kwa mtaalamu wa viungo, wewe ukaenda kununua kitu cha kumtoa kazini ukakifunga na utepe wa zawadi. Mtu akikuambia kiatu kinambana, unamkata mguu?

Hayo ndiyo ya lenzi, yamekwisha. Sasa kaa vizuri.

Unajiona mtu wa hisani, na nakubali hukuwa na nia mbaya. Ulimpenda vibaya tu, kimyakimya, bila kuuliza, na siku ya kumpa ukachagua kumpa mbele ya watu ili usifiwe. Sauti ile ya mbwembwe ilikuwa ya nani? Haikuwa ya mtu anayemhurumia mgonjwa. Ulitaka ukumbi uone jinsi ulivyo mume mwema, na fundi sauti akakuharibia kwa kusema wazi kilichokuwa kinatokea. Halafu ukamwona anazungusha pete hewani, ukajua unamhitaji, na ukaona heri mzee wa watu alie akiwa doa kuliko wewe kuonekana umekosea. Hilo ndilo lililompeleka kwa dada yake. Lenzi haikumfukuza mtu.

Nimekukaripia ya kutosha? Bado kidogo. Mwanamke aliyekuambia "nzuri" mara sita alikuandikia siku moja, "Pete yake inaonekana ngumu." Jina la video hiyo umeliandika pembeni mwa barua, mimi na Daktari tukaitafuta tukaiangalia. Pete inazungushwa dakika ya tisa. Dakika ya tisa, mwanangu! Mtu aliyekukatia tamaa hafiki dakika ya pili. Alikaa, akaangalia mkono wa mtu mwingine ukizungusha pete, kifundo chake kikamkumbusha, akakuandikia. Ulitakiwa kumjibu, "Mkono unaendeleaje?" Wewe ukafuta lenzi kwenye orodha. Nilitaka kuirarua barua hapo.

Sikuirarua kwa sababu ya mstari mmoja. Juu ya jina lako kuna maneno umeyakata kwa kalamu mara tatu mpaka karatasi imetoboka, na gazeti halikuyachapa kwa kuwa uliyakata. Nimeinyanyua karatasi dirishani nikayasoma. Uliandika, "Au nimwambie tu arudi, hata kama hatashika pete tena?" Katika kurasa zote ulizonitumia, swali ni hilo, na ndilo uliloliona la kukata. Nami nakuuliza hilohilo kabla hujapanda basi. Kama unachokitamani ni mkono, tangaza nafasi ya kazi, wapo watakaojifunza. Kama unamtamani yeye, anayegeuka ukivuta pumzi, basi uwe tayari arudi akiendelea na picha zake za pasipoti na wewe ununue hiyo ya kujifokasi na ufurahi. Jijibu kweli. Mimi jibu naliona, lakini si mimi ninayekwenda.

Sasa fanya hivi. Leo mpigie fundi sauti, mwambie ampigie mke wako amwombe radhi kwa mdomo wake, maana mlimfanya kichekesho wawili na mbele za watu, na radhi ya siri haitoshi. Usimtumie mke wako video ya nane. Kesho kutwa panda basi. Usiingie pale dukani kwake na kamera shingoni kama mkaguzi. Nenda kwa shemeji, umpigie simu shemeji kwanza umwombe ruhusa, na ufike kazi ikiwa imekwisha. Usinunue lenzi wala gurudumu kabla ya safari hiyo, hata muuzaji akuambie bei inapanda. Ukimtokea na kitu kipya mkononi utakuwa umerudia kosa lilelile kwa namba nyingine. Na neno "nimekununulia" lifungie nyumbani.

Ukimwona, anza na siku ile. Mwambie ulimwona anazungusha mkono juu ya goti na hukumwita, kwa aibu yako. Hilo halijui, na halitamfurahisha, lakini ndilo deni la moyo wako kwake na huwezi kulikwepa. Kisha mwambie ule mstari, safari hii bila kuukata. Uulizie mkono, usikilize jibu mpaka mwisho. Habari ya lenzi usiiguse mpaka aiulize yeye, na akiiuliza mwambie Daktari anasema thelathini na tano, na kwamba ya kujaribu itakodiwa siku atakayotaka, azungushe yeye, achague yeye, kwa sababu ndiye anayejua pete ipi ni ngumu. Asipoiuliza, usiilete. Anaweza pia kukuambia rudi ulikotoka. Utaumia, utapanda basi, utafanya kazi, na ile nafasi ya kushoto kwako utaacha watu wasimame.

Ile lenzi ya zamani nenda nayo. Daktari anasema ukungu unaweza kusafishwa kiasi, kioo hakitakuwa kama kipya, ila taa zitanyoa ndevu. Kile kipande cha manjano asikibandue mtu. Ukifika, usimkimbilie kumshika mkono, hasa ule unaouma. Simama hatua mbili kutoka alipo, palepale alipokuandika. Vuta pumzi, sema ulichokwenda kusema, halafu nyamaza. Hizo hatua mbili si zako kuzitembea. Kama atazitembea au la hutalisoma usoni, yeye mwenyewe alishakufundisha pa kuangalia. Angalia miguu yake.